Gaudensi Flavian Kasonso, Fundi Aliyepanda Lyamba kwa Mafuta ya Alizeti

Tumsifu Yesu Kristo.

Historia hii ilisimuliwa kwanza na Bi Adela Flavian, dada mkubwa wa marehemu, siku ya Jumanne tarehe 2 Januari 2018, hapa Izia mjini Sumbawanga, familia ilipokaa kuchambua mbegu za alizeti za msimu ule, ikaandikwa katika daftari la familia siku hiyohiyo kabla jua halijazama, na yaliyotokea baadaye yameongezwa mwaka kwa mwaka, mengi yakiongezwa marehemu mwenyewe akiwa ameketi pembeni akisahihisha tarehe.

Marehemu Gaudensi Flavian Kasonso alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958 hapahapa Izia, wakati Izia ingali mashamba ya ulezi na njia za ng'ombe, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa Mzee Flavian Kasonso na Mama Agnesi, ambao wote wawili wametangulia. Alizaliwa alfajiri ya baridi kali, baridi ile ya Ufipa inayoufanya umande kuwa mweupe juu ya majani, hata mafuta ya karanga yaliyokuwa yameandaliwa kumpaka mtoto yakakutwa yameganda ndani ya kibuyu, na Bi Adela, aliyekuwa na umri wa miaka saba, ndiye aliyetumwa kukisogeza kibuyu jikoni hadi mafuta yalainike. Jambo hilo dogo linatajwa hapa kwa sababu litarudi mbele.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1967 hadi 1973 alipomaliza darasa la saba, na kwa kuwa nafasi za sekondari zilikuwa chache kuliko vidole vya mkono mmoja kwa shule nzima, hakuchaguliwa, wala hakulalamika, bali mwaka 1974 aliingia karakana ya misheni kujifunza ufundi wa magari, akatoka mwaka 1976 akiwa na cheti cha daraja la tatu, ambacho hadi leo kinaning'inia katika gereji yake kikiwa na alama ya kidole cha grisi kwenye kona ya kulia. Kuanzia tarehe 1 Februari 1977 hadi tarehe 30 Juni 1994 alikuwa dereva na fundi wa malori ya ushirika, akibeba mahindi na ulezi wa uwandani na mpunga wa bondeni kupitia Lyamba, ule mlima mkali wa kutoka bondeni hadi uwandani juu, na wafanyakazi walipopunguzwa kazini alirudi nyumbani na sanduku lake la spana, na mwaka 1995 akafungua gereji yake Majengo, ukuta kwa ukuta na mashine ya kukamulia alizeti ya ndugu Zephania.

Habari ya ndoa yake inaanzia katika tope. Mwezi Machi mwaka 1986 lori lake lilikwama Kaoze, huko bondeni, mbele ya nyumba ya Mzee Nestory, siku tatu mfululizo, na katika siku hizo tatu Bertila, binti wa Mzee Nestory, ndiye aliyekuwa akipeleka maji ya kunawa na ugali kwa watu wa lori. Siku ya nne marehemu alilitengeneza lori, akaaga kwa heshima zote, akaondoka, na siku ya tano akarudi, lori likiwa linakokotwa na ng'ombe wanane. Mzee Nestory alilitazama lori, akamtazama na kijana, akasema maneno ambayo Bi Adela alikuwa akiyarudia kwa sauti yake nzito: "Fundi ni yule ambaye kazi yake hairudi. Wewe ni kijana wa magari tu."

Posa ilipokwenda, Mzee Nestory hakuikataa, kwa kuwa alimwona mkwe wake ni mtu mpole na mchapakazi, lakini alisema wazi mbele ya washenga wote wawili kwamba anatoa binti, hatoi jina la ufundi. Ndoa ilifungwa kanisani siku ya Jumamosi tarehe 12 Septemba 1987, na Mungu akawajalia watoto wanne, yaani Kalista aliyezaliwa mwaka 1988, Fabiani mwaka 1990, Salome mwaka 1993 na Jenifa mwaka 1997. Kwa miaka mingi, watu wote kuanzia Majengo hadi Laela walimwita marehemu Fundi Gaudensi, na alipokuwa akishuka Kaoze kwa wakwe aliitwa kijana wa magari, tena mvi zikiwa zimeshaanza, naye alikuwa akiinama na kuitikia, "Naam, baba." Hakusema kwamba inamuuma, ila mama Bertila anajua kwamba ilimuuma.

Mwaka 2007 marehemu alinunua katika mnada Land Cruiser pick-up kuukuu, injini yake ikiwa nzima na vingine vyote vikiwa vya kuomba dua, akaifufua kwa mikono yake kwa muda wa miezi kumi na moja, na ilipofufuka akakuta kwamba hana uwezo wa kuilisha. Hapo ndipo mwezi Agosti mwaka 2008 yalipotokea mambo upande wa pili wa ukuta. Mashine ya Zephania iliendeshwa kwa injini ya dizeli, na siku hiyo dizeli ilimwishia wateja wakiwa bado wamepanga foleni na magunia yao, naye kwa kukosa subira akachota mafuta ya alizeti aliyotoka kuyakamua, akayamimina ndani ya tenki, na injini haikujali, ikaendelea kunguruma hadi gunia la mwisho. Marehemu aliisikia sauti ya injini ikibadilika kidogo, ikawa nzito na tulivu zaidi, akaruka ukuta akiwa na spana mkononi, akauliza, "Zephania, umeipa nini?" Naye akajibu, "Nimeipa inachokikamua, si ndiyo haki yake?"

Tangu siku hiyo marehemu hakuwa na amani. Alipata kijitabu kilichoeleza kwamba mafuta ya mbegu yanaweza kugeuzwa kuwa mafuta ya gari kwa kuchanganywa na spiriti maalumu pamoja na kostiki, yale magadi makali ya watengeneza sabuni. Kostiki ilikuwepo sokoni, spiriti hiyo haikuwepo Sumbawanga nzima, na marehemu, kwa kufikiri kwamba spiriti ni spiriti, alitumia kinywaji kikali cha kienyeji ambacho jina lake halistahili kusomwa mbele ya jeneza, ingawa wengi waliopo hapa wanalijua. Kinywaji hicho kina maji ndani yake, na mafuta, maji na kostiki vikikutana havizai mafuta ya gari. Asubuhi iliyofuata alikuta pipa zima limeganda, akachovya kidole, akakiosha, kidole kikatoa povu.

Mama Bertila alikuja, akalitazama pipa, akaenda kuleta kisu, akakata miche mia moja na arobaini, na kwa mwaka mzima sare za shule za watoto wa nyumba hii zilikuwa nyeupe kuliko za mtaa wote. Majirani walipouliza ni sabuni gani, alisema, "Ni gari la mume wangu."

Marehemu aliachana na kostiki akachagua njia nyingine, ya kutumia mafuta ya alizeti yenyewe bila kuyachanganya na kitu, isipokuwa kuyasafisha. Aliyaacha yatue katika mapipa kwa majuma mawili, akayachuja kwa blanketi na kisha kwa kitambaa cha suruali ya jinzi, akayachemsha hadi yalipoacha kutoa vijipovu, kwa kuwa sasa alishajifunza uadui wa maji, na mwezi Juni mwaka 2009 gari likatembea. Lilitembea likinuka maandazi. Watoto wa Izia walilikimbilia wakidhani kuna mama anayekaanga, na Ijumaa Kuu ya mwaka uliofuata Paroko alimwita pembeni akamwambia, "Mzee Gaudensi, leo tunafunga, nakuomba gari lako lisipite karibu na kanisa, linawajaribu waumini wangu."

Lakini kabla ya Ijumaa Kuu hiyo ilikuja Jumapili ya tarehe 12 Julai 2009. Mzee Nestory alikuwa amepanda kutoka bondeni kuja kuwaona wajukuu, na asubuhi hiyo alikuwa anatoka misa ya kwanza akiwa na wazee wenzake, baridi ikikata masikio, wakati marehemu alipotokea na gari lake, likiendeshwa kwa alizeti tupu. Wageni watusamehe tukieleza jambo ambalo Mfipa haelezwi: mkwe haamkiwi kutoka juu ya kiti. Marehemu alizima gari, akashuka, akachuchumaa kando ya barabara, akapiga makofi taratibu kama tulivyofundishwa na wazee wetu, akatoa shikamoo, na Mzee Nestory akaipokea kikamilifu, maana yake aliuliza habari za nyumbani, za watoto mmoja mmoja kwa jina, za mahindi, za bati lililokuwa linavuja, na za yule mbuzi aliyekuwa mgonjwa wakati wa Pasaka. Salamu hiyo ilichukua nusu saa, na katika nusu saa hiyo mafuta yaliyobaki ndani ya mabomba na ndani ya nozeli zinazoyanyunyiza kwenye injini yalipoa yakawa mazito kama asali ya mzinga mkongwe.

Marehemu alipanda, akapiga stata, gari likakohoa mara mbili likanyamaza. Akapiga tena, likakohoa mara moja. Mara ya tatu halikukohoa. Watu wa misa ya pili walikuwa wameshafika, na mbele yao wote Mzee Nestory alisema, "Mkwe wangu, naona na gari lako limepiga magoti. Basi liambie nimeshaitikia, liinuke."

Wanakwaya ndio waliolisukuma hadi nyumbani, wakiimba.

Marehemu alikaa siku nne bila kwenda gereji. Siku ya tano Bi Adela alimkuta ameketi mbele ya boneti lililo wazi, akamwambia kwa ukali wa dada mkubwa, "Unashangaa nini? Wewe mwenyewe siku uliyozaliwa mafuta yako yalipashwa moto ndipo yakakufaa, na mimi ndiye niliyeyapeleka jikoni. Gari lako ni nani hata lilambe mafuta ya baridi?" Alikuwa anamtania tu. Marehemu akainuka, akaenda kutafuta bomba la shaba.

Alilizungusha bomba hilo ndani ya tenki la alizeti kama nyoka aliyejikunja, akalipitishia maji ya moto yanayotoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta, ili injini yenyewe iwe jiko la kupashia chakula chake, na kando akaweka tenki dogo la dizeli na bilula, yaani koki ya mafuta, ya kubadilisha tenki. Gari lilikuwa linawashwa kwa dizeli hadi maji yapate moto, kisha bilula inageuzwa linatembea kwa alizeti, na kabla ya kufika linarudishwa kwenye dizeli ili mabomba na nozeli zisafishike, ndipo linazimwa. Sheria hii aliiandika kwa rangi nyeupe ndani ya mlango wa dereva, na wote waliofundishwa kazi naye waliikariri kabla ya kushika spana: Washa kwa dizeli, panda kwa alizeti, zima kwa dizeli. Alikuwa akisema kwamba sehemu ya mwisho ndiyo ya kiungwana, kwa sababu kuwasha kila mtu anapenda, bali anayezima vibaya leo anamkosea wa kesho asubuhi.

Tarehe 3 Oktoba 2009 alikwenda Laela akarudi, bila kusukumwa.

Ilibaki taabu ya salamu. Kila alipokutana na mzee njiani hakuweza kuzima papo hapo, hivyo alishuka, akachuchumaa, akapiga makofi, huku gari likinguruma nyuma yake, na wazee wa Izia waliokuwa wanamfahamu tangu utoto waliikubali, wakaiita salamu ya alizeti, yaani ile fupi. Mzee Nestory hakuikubali. Alisema, "Mtu anayenisalimia huku gari lake linanguruma ana haraka ya kuniacha," na akaapa kwamba hatalipanda gari hilo, akaendelea kusafiri kwa basi, na sasa hakumwita tena marehemu kijana wa magari, alimwita Maandazi.

Siku ya Krismasi mwaka 2010, huko Kaoze, chakula kikielekea mwisho, marehemu alipeleka mbele ya baba mkwe debe la mbegu, akasema, "Baba, panda ekari moja ya alizeti. Ipo siku nitakupandisha Lyamba hadi Sumbawanga kwa mafuta ya ekari hiyo, na gari halitazimika njiani." Mzee Nestory akauliza, "Likizimika?" Marehemu akajibu, "Likizimika nalivunja niuze chuma chakavu, na neno alizeti halitasikika tena mezani kwako." Mzee akatafuna kwanza, akameza, akasema, "Na lisipozimika nitakuita hilo jina unalolitaka. Usidhani silijui." Mama Bertila, aliyekuwa anaondoa sahani, anasema kwamba hapo ndipo alipojua kuwa baba yake alikuwa akiona siku zote.

Ekari ilipandwa, ikastawi, na kila mwaka dumu moja la mafuta yake liliwekwa kando, na kila mwaka Mzee Nestory alipata sababu ya kupanda basi. Hivyo ikapita miaka sita.

Tarehe 8 Desemba 2016 binti yao mkubwa, Kalista, alikuwa anaweka nadhiri zake za kwanza za utawa hapa Sumbawanga. Marehemu alishuka Kaoze mapema kuwachukua wakwe na ndugu, na usiku wa tarehe 6 mvua za kwanza zilichukua daraja la mbao la huko bondeni, mabasi yakakata safari, na wauza dizeli wa madumu hawakuonekana tena. Gari dogo lenye miguu mirefu liliweza kupita mtoni, basi halikuweza. Asubuhi ya Jumatano tarehe 7 Mzee Nestory alitoka nje akiwa amevaa koti lake la misa, akasimama mbele ya gari, akaliangalia kama mtu anayemwangalia ng'ombe asiyemwamini, akapanda mbele. Nyuma walipanda mama Bertila, Salome, ambaye wakati huo alikuwa na miaka ishirini na mitatu na tayari anafanya kazi gereji, na ndugu wengine kumi na mmoja. Alizeti ilikuwepo, madumu sita, yote ya ile ekari. Dizeli ilibaki lita tano katika tenki dogo, ya kuwasha mara moja na kuzima mara moja, si zaidi. Gari likizimwa katikati ya njia, kwa sababu yoyote ile, lingebaki hapo, na babu na mama wa Kalista wasingemwona akipiga magoti mbele ya altare.

Waliwasha kwa dizeli, wakageuza bilula, wakaondoka, wakaenda saa mbili bondeni. Walipokaribia kuanza mlima walifika kwa Mzee Malimi, mfugaji aliyehamia kutoka Usukumani miaka mingi iliyopita, ambaye mwaka 1999 alimbeba Mzee Nestory akiwa mahututi kwa mkokoteni wa ng'ombe siku nzima hadi kwa daktari. Mzee Nestory akasema, "Simama. Siwezi kupita kwa Malimi kama mwizi." Marehemu akasimama. Mzee akaanza kushuka, naye Malimi alikuwa anakuja polepole na fimbo yake, na kwa kuwa heshima iliyolelewa ndani ya mtu haiulizi dizeli imebaki kiasi gani, mkono wa marehemu ukaenda wenyewe kwenye ufunguo, kama ulivyokwenda ile asubuhi ya Jumapili. Salome aliuona kupitia kioo cha nyuma, akafungua kinywa apige kelele, akawahiwa.

Aliyepiga kelele ni Mzee Nestory, mguu mmoja chini na mwingine ungali garini. "Usizime, fundi!"

Watu kumi na watatu nyuma walisikia. Mama Bertila alipiga kigelegele peke yake, kisha wote. Marehemu aliondoa mkono kwenye ufunguo, akauweka juu ya goti, na wanaomfahamu wanajua kwamba hakuwa mtu wa machozi, basi na liandikwe tu kwamba aliangalia pembeni.

Malimi alipofika alinusa hewa, akasema, "Nestory, nani amekaanga maandazi tangu alfajiri bila kuniita?" Naye akamjibu, "Ni fundi, mkwe wangu. Leo nakupa salamu ya alizeti, ndugu yangu, mjukuu wetu anatungoja. Nikirudi nitakaa siku mbili." Malimi akasema, "Nenda, nenda, Wafipa mkianza kusalimiana hata maksai hulala," wakacheka, wakashikana mikono, mzee akapanda.

Kisha wakapanda Lyamba. Mvua iliwakuta kwenye kona ya tatu, tope likawa jekundu na laini kama siagi, na mara mbili watu wa nyuma walishuka wakasukuma, lakini injini haikunyamaza hata kwa pumzi moja, iling'ang'ana na mlima kwa sauti ileile nzito na tulivu, moshi mweupe ukining'inia nyuma ukiwa na harufu ya sikukuu. Walifika uwandani, baridi ikawapokea, mafuta yakiwa moto ndani ya nyoka wa shaba. Kilomita mbili kabla ya Izia marehemu aligeuza bilula kurudi kwenye dizeli, na saa kumi na dakika ishirini jioni, mbele ya lango hili, akazima. Salome alipima tenki dogo kwa kijiti, akakuta kimebaki kikombe kimoja cha chai. Kesho yake Kalista aliweka nadhiri, na babu yake alikaa benchi la kwanza, nguo zake zikinuka maandazi.

Tangu mwaka ule Mzee Nestory hakumwita marehemu kwa jina jingine, wala Kaoze haikubaki ilivyokuwa. Familia kumi na tisa zilipanda alizeti msimu uliofuata, na hadi mwaka 2022 mashine tatu za kusaga nafaka na trekta dogo moja la bondeni zilikuwa zikila alizeti kwa utaratibu wa bilula na bomba la shaba, zote zikiwa zimefungwa na marehemu au na Salome. Hakudai malipo ya mafunzo, alidai tu kwamba mtu aikariri ile sheria, na aliyekosea alirudia kama mtoto wa darasa la kwanza, awe mwenyekiti wa kijiji au awe padre.

Mwezi Machi mwaka 2023 alianza kukohoa, na baada ya vipimo vya hapa na baadaye vya Mbeya, tarehe 18 Januari 2024 madaktari walimweleza kwamba ni saratani ya mapafu, naye akawashukuru kwa kutomzungusha. Alitibiwa hadi mwezi Novemba, na kwa kuwa baridi ya uwandani ilimbana kifua, tarehe 11 Januari 2025 alishuka kwenda kuishi Kaoze kwa wakwe, kwenye joto. Huko, akiwa ameketi kwenye kiti chenye mto mgongoni, aliendelea kuchuja mafuta, na mwezi Mei alisimamia ukamuaji wa alizeti za ekari ya Mzee Nestory, akayaacha yatue siku arobaini badala ya kumi na nne, akayachuja mara tatu, na juu ya madumu akaandika kwa mkono wake: Ya kupandia. Hakuna aliyemuuliza ni ya kumpandisha nani.

Katika majuma yale ya mwisho aliita watu mmoja mmoja. Alimwomba Fabiani msamaha kwa ukali wa mwaka 2006, akamkabidhi Salome funguo za gari na za gereji, akamshukuru mama Bertila kwa maneno ambayo ni ya mama Bertila peke yake, akamrudishia Zephania spana namba kumi na tisa aliyokaa nayo miaka kumi na tano, na Jumapili tarehe 6 Julai akapokea Mpako wa Wagonjwa akiwa na akili timamu. Jumatatu tarehe 7 Julai 2025, saa tano na robo asubuhi, aliaga dunia, mkono wake ukiwa katika mkono wa baba mkwe wake, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, miezi kumi na siku ishirini na tatu.

Alikuwa ameacha ombi moja, kwamba azikwe Izia kwa wazazi wake, na apandishwe kwa gari lake na kwa mafuta ya yale madumu. Kikao cha familia kiligawanyika. Julai ni Julai, na uwandani asubuhi hizi maji ya kuku yanashika barafu. Fabiani, ambaye alisema kwa mapenzi tu, aliuliza, "Tukikwama na jeneza njiani, hiyo aibu tutaiosha kwa sabuni gani?" Salome akajibu, "Sabuni ya baba ipo, mche mmoja mama aliuficha." Watu wakacheka wakiwa wanalia. Baba wadogo walikuwa bado wanataka kukodi gari jingine, ndipo Mzee Nestory akaomba fimbo yake, akasema, "Mimi nitakaa mbele." Kikao kikaisha.

Jana Jumatano, saa kumi na moja na nusu alfajiri, Salome aliwasha kwa dizeli, na maji yalipopata moto akageuza bilula. Kwa marehemu Malimi walisimama, wanawe wakaja wakachuchumaa kando ya jeneza wakapiga makofi, na gari lilinguruma, na hakuna aliyeona ni kukosa heshima. Walipanda Lyamba bila kusukumwa mahali popote. Ninyi mliosimama barabarani hapa Izia jana mnajua kwamba harufu ndiyo iliyotangulia kufika, watoto wakatoka mbio kama zamani, kisha wakaona jeneza, wakasimama wakavua kofia. Salome alikuwa ameshageuza bilula tangu kilomita mbili nyuma. Alisimama mbele ya lango, akangoja, injini ikinguruma, mikono yote miwili juu ya usukani, na Mzee Nestory akamgusa bega akamwambia, "Zima sasa, fundi."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Sumbawanga na wa Mbeya waliomhudumia marehemu na kumwambia ukweli, inawashukuru majirani wa Izia na wa Kaoze waliochota maji, waliopasua kuni na waliokesha nasi, mafundi wenzake wa Majengo waliofunga gereji zao kwa siku tatu, wanakwaya, ambao safari hii hawakusukuma, mapadre na watawa, na wote waliofika kwa miguu na kwa vyombo.

Kati ya waliotajwa katika historia hii, Bi Adela aliyeisimulia kwanza alifariki tarehe 19 Novemba 2022, na Mzee Malimi tarehe 4 Juni 2021. Walio hai ni mama Bertila, mjane wa marehemu, watoto wote wanne, Sista Kalista, Fabiani, Fundi Salome na Jenifa, pamoja na wajukuu watano, ndugu Zephania, ambaye mashine yake ingali inakamua, na Mzee Nestory, mwenye umri wa miaka tisini na mmoja, aliyeketi pale mbele. Gari nalo ni zima, lipo nje ya lango, leo asubuhi limewaka mara moja tu lilipopigwa stata, pamoja na baridi yote hii, kwa sababu jana lilizimwa vizuri.

Nawe, baba yetu, ulizima kwa utaratibu, hukuacha kitu kizito ndani ya mabomba. Pumzika kwa amani, fundi, hadi asubuhi ile utakapowashwa.